Igga Swaka, Marehemu wa Televisheni

Igga Swaka alikufa mara ya kwanza mwaka wa 2016. Hapana, nimekosea. 2016 ni mwaka wa zile risasi za Julai, na mwaka ule hapa Juba hakuna aliyesherehekea kitu. Hata wenye siku za kuzaliwa walizipitisha wamelala sakafuni. Basi ilikuwa 2017, mwezi wa Agosti, wakati wa taarifa ya habari ya jioni, na marehemu mwenyewe alikuwa amesimama karibu yangu mtaani Nyakuron, anapiga pasi suruali ya mtu. Kufa kwa pili, kule kufa kwa kawaida tunakokujua sisi sote, kulikuja mwaka uliofuata.

Nieleze polepole, maana nikikimbia nitamwacha mtu njiani.

Igga alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa kwenye yale maduka madogo ya Nyakuron, nyuma kidogo ya jumba la utamaduni, mahali ambapo ngoma zikipigwa jioni sindano inacheza nazo. Mashine yake ilikuwa ya miguu, na ilivuka mpaka mara mbili. Wakati wa vita vya zamani aliingia nayo Uganda juu ya baiskeli, yeye anasukuma na mkewe Ketty anashikilia. Amani ilipokuja akarudi nayo juu ya lori la mahindi, amekaa juu ya magunia ameikumbatia kama mtu anayerudisha mgonjwa. Kiswahili chake alikiokota hukohuko Uganda, kwa wanajeshi waliokuwa wanamletea magwanda ya kupunguza. Kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha amri. Hata akikukaribisha chai ungedhani unakamatwa.

Alikuwa na tabia moja ambayo mafundi wengine walimcheka. Hakupenda kumpima mteja. Futi ya kupimia aliivaa shingoni kama padri anavyovaa kitambaa chake, lakini kuitumia ilikuwa shida. Mtu akija, Igga anamtazama juu mpaka chini, anasema, "Wewe ni mimi, toa tumbo kidogo," kisha anajipima mwenyewe. Akikata koti analijaribu yeye. Akishona shati analivaa yeye kwanza. Mteja akilalamika, Igga anamwambia, "Nguo iko sawa. Wewe ndiye umekonda, ni vita." Ndiyo maana Jumapili, watu wakitoka misa, ukisimama nyuma yao ungeona migongo ya Igga mingi inateremka ngazi za kanisa.

Mtu wa kwanza kushonewa hivyo, au tuseme wa kwanza aliyejulikana, alikuwa Marino.

Huyu Marino alikuwa mtangazaji. Mwaka wa 1984 mji wetu ulipata televisheni. Sitaitaja jina, maana ipo mpaka leo na wenyewe wana hasira. Ilikuwa nyumba ya mabati na mnara mmoja, na waliokuwa na sanduku la kuitazamia ungeweza kuwaita wote kwa majina yao. Marino ndiye aliyesoma habari siku ya kwanza. Akamwendea Igga, wakati ule kijana mwenzake, akasema anataka koti la kijivu kabla ya jioni. Igga akamtazama: wewe ni mimi. Akajipima, akakata, akashona. Suruali haikushonwa, kwa sababu kamera ilikuwa inaona mpaka ukingo wa meza tu, na ile nyumba ya mabati ilikuwa tanuri. Hivyo mtangazaji wa kwanza wa mji huu alisoma habari za dunia kwa Kiarabu, juu ana koti na tai, chini ana kaptura na ndala. Mkewe, Kiden, alimtazama akiwa amesimama nje ya dirisha la jirani pamoja na nusu ya mtaa, na mtoto mmoja akamuuliza, "Mama, baba mkubwa ameingiaje mle?"

Halafu vita vikakua. Mwaka wa tisini na mbili, mwaka mbaya, mji umefungwa pande zote, Marino alitoka nyumbani asubuhi kwenda kazini. Kazini hakufika na nyumbani hakurudi. Kuuliza kulikuwa hatari, lakini Kiden aliuliza, mpaka mtu mmoja mwenye huruma akamwambia aache na aondoke. Akaondoka na mimba. Picha za mumewe zote zilikuwa kwenye sanduku la bati, na sanduku lilikwenda na maji siku ya kuvuka mto. Mtoto alizaliwa Uganda, kambini. Akaitwa Betty.

Betty akakua na baba asiye na sura. Akiuliza, Kiden anamwambia, "Alikuwa mrefu kiasi. Upara ulikuwa unaanza hapa mbele. Akicheka anafunga macho." Mtoto anazunguka kambini kutafuta mwanaume mwenye vitu hivyo, anawapata kumi na moja, anarudi analia.

Sasa turudi mbele. Amani ikaja, watu wakarudi, nchi ikawa nchi, na kabla hatujamaliza kukunja bendera za sherehe, vita vingine. Katikati ya vita hivyo, mwaka wa 2014, ile televisheni ikafikisha miaka thelathini.

Mkurugenzi wake wakati ule aliitwa Saturnino. Alisoma Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, cha haraka, kinakupita kabla hujakishika. Si mtu mbaya. Alikuwa ameona jinsi televisheni za nchi za watu zinavyosherehekea siku zao: wanatoa picha za zamani, watangazaji wazee wanajiona walivyokuwa na nywele nyingi, wanacheka, wanakata keki. Naye akataka. Nusu ya mji haina ugali, yeye anataka keki. Kila jioni wakawa wanatangaza: mwezi ujao, miaka thelathini, msikose, tutaonyesha picha za siku ya kwanza!

Kiden alikuwa anakaa Gumbo, ng'ambo ya daraja, anauza mboga kando ya barabara ya Nimule. Alisikia tangazo hilo kwenye redio ya mwenye duka, maana walilitoa na huko pia. Kesho yake hakupanga mboga. Alivaa kitenge kizuri, akamchukua Betty, wakavuka daraja kwa miguu mpaka getini pa televisheni. Betty wakati ule alikuwa msichana mkubwa wa kuolewa, lakini alishikwa mkono njia nzima.

"Aliyesoma siku ya kwanza ni mume wangu," Kiden alimwambia Saturnino. "Huyu ni mtoto wake. Hajawahi kumwona. Mimi sitaki kitu kingine. Nataka amwone uso."

Saturnino akaguswa, nasema kweli, mpaka akavua miwani. "Mama, utamwona. Watu husahau, lakini televisheni haisahau."

Ilikuwa kweli. Televisheni haikusahau, ilifuta.

Maana wakati wa vita vya zamani, mji ukiwa umefungwa, ndege ilileta unga na ilileta risasi, lakini kanda za kurekodia haikuleta. Kwa hiyo kanda ileile ilitumika na kutumika, kama mama anavyogeuza gauni la mkubwa kuwa la mdogo. Saturnino aliingia stoo akaikuta kanda, juu imeandikwa kwa kalamu nzito: SIKU YA KWANZA, USIFUTE. Akaiweka kwenye mashine kwa mikono miwili. Ikatoka arusi. Arusi ya mkubwa fulani wa jeshi, bibi arusi amenuna, watu wanacheza. Wazee wa kazi wakamweleza: chini ya arusi kulikuwa na mpira, chini ya mpira kulikuwa na hotuba ya waziri, na chini ya waziri ndiko alikokuwa Marino.

Akaiacha kanda iende mpaka mwisho. Arusi ilipokwisha, pembeni kabisa, kabla ya giza, kikatokea kipande kidogo ambacho hakuna aliyekumbuka kukifuta. Meza. Mkono mmoja juu ya karatasi. Mkono wa koti la kijivu, umekatwa vizuri. Basi.

"Koti hili alishona nani?" Saturnino akauliza.

"Igga wa Nyakuron," wakasema wazee. "Yuko hai."

Neno hilo, yuko hai, lishike. Litatusaidia baadaye.

Mimi nilikuwapo kibandani walipokuja na gari, kwa sababu nikitoka kwangu mtaa wa Lemon Gaba miguu yangu inapenda kufika pale. Saturnino alieleza kwamba watafanya igizo la siku ya kwanza, na wanataka koti kama lile. Mtu wa kulivaa watamtafuta. Igga akasema, "Nimesikia. Rudini kesho." Waliporudi kesho yake na kamera yao, Igga alikuwa amesimama mlangoni amelivaa koti, anajaribu mabega kama alivyojaribu nguo zote za maisha yake. Mtu wa kamera akamtazama. Akamtazama tena. Upara ulikuwa unaanza pale mbele.

"Bosi," akasema, "tunatafuta nini tena? Si huyu hapa."

"Mimi ni fundi," Igga akasema.

"Mzee, utakaa tu na kusoma," akasema Saturnino.

"Nisome nini?"

"Habari."

"Habari gani? Ziko mbaya?"

"Ni za zamani, mzee. Zimeshapita."

"Basi nitasoma," akasema Igga. "Hizo haziwezi kunipata tena."

Nilikwenda naye studio, nikaambiwa nikae kwenye kiti na nisikohoe. Walipanga meza kama ile. Juu ya meza Saturnino akaweka bendera ndogo ya nchi yetu. Mzee mmoja wa kazi akasema taratibu, "Bosi, mwaka wa 1984 bendera hii haikuwapo." Saturnino akasema, "Unataka niweke ya Khartoum? Kisha niwaeleze nini watu wa usalama?" Bendera ikabaki. Habari zilisomwa kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya serikali ya sasa, ingawa siku ya kwanza yenyewe zilisomwa kwa Kiarabu. Igga alisoma kwa sauti ya kukamata watu. Kisha wakaichukua ile picha nzuri, wakaiingiza kwenye kompyuta, wakaitoa rangi, wakaitia mikwaruzo kama mvua.

"Kwa nini mnaharibu?" Igga akauliza.

"Ili iwe ya kweli, mzee."

Jambo moja tu Igga alilishikilia. Alikataa suruali. Alisema Marino alivaa kaptura, naye atavaa kaptura. Saturnino akasema chini haionekani, vaa upendavyo. Basi katika siku ile nzima kulikuwa na kitu kimoja cha kweli, ile kaptura, na kamera haikukiona.

Mwaka ule waliionyesha, na chini ya picha kuliandikwa wazi: IGIZO. Lakini Gumbo, pale kwenye kibanda cha video walipokwenda Kiden na Betty, jenereta lilikata katikati ya hotuba za pongezi, na mwenye kibanda hakuwa na petroli nyingine. Wakarudi nyumbani gizani.

Mwaka uliofuata, 2015, wakaonyesha tena. Thelathini na moja nayo ni sherehe, na picha ipo tayari, kwa nini ilale? Lakini mwaka huo kulikuwa na tangazo la sabuni, na tangazo lilihitaji nafasi ile ya chini. Neno IGIZO likaondoka, sabuni ikakaa. Jenereta la Gumbo likavumilia. Na Betty, amesimama katikati ya watu wa mpira, akamwona mwanaume mrefu kiasi, upara unaanza mbele, ametiwa mikwaruzo ya zamani, anasoma habari. Akatoa simu, akamrekodi. Akakimbia nayo nyumbani.

"Mama! Nimemwona! Mama, mtazame!"

Kiden alinieleza mwenyewe. Alishika simu akatazama mpaka ikajizima. Betty akaiwasha tena. Mama akasema, "Koti ni lile." Hakusema uongo hata kidogo.

Siku mbili tatu baadaye akaja Nyakuron. Sikuwahi kumwona Kiden na hasira, na bado siwezi kusema nilimwona, kwa sababu hasira yake ilikuwa ya kukaa chini na kunyoosha kitenge magotini.

"Fundi," akasema, "umevaa uso wa mume wangu."

"Mama Betty, mimi nilivaa koti. Uso ulikuwa wangu."

"Mtoto analala nao, uko chini ya mto."

Igga akaacha kukanyaga mashine. "Nitakwenda kwa Saturnino. Arudishe lile neno. Au nitakuja Gumbo mimi mwenyewe, nisimame mbele yake, nimwambie, mtazame fundi, ni mimi. Tumalize. Kalas."

Kiden aliokota kipande kimoja cha nguo sakafuni, akakikunja.

"Ngoja kwanza," akasema. "Tangu azaliwe hajawahi kuwa na mtu wa kumtazama. Ngoja achoke kidogo."

Hakuchoka. Ndipo ukaja ule mwaka wa risasi, watu wakakimbilia walikokimbilia, wengi wakarudi Uganda walikotoka. Betty, nasikia, alitoka nyumbani na simu tu, bila viatu. Hali ilipotulia wakarudi Gumbo na mboga zikarudi barabarani. Igga hakukimbia mara hii. Alisema mashine imezeeka, haiwezi mpaka wa tatu.

Basi Agosti ya 2017. Walioandaa sherehe walikuwa vijana wapya, wale wazee wa kazi wengi wameondoka, na vijana walijua walichoambiwa: huyu kwenye picha ni mtangazaji wa kwanza, na mtangazaji wa kwanza ni marehemu. Jirani wa kibanda alikuwa na televisheni, sisi tunatazama, Igga anapiga pasi. Ikatoka picha. Ikatoka sauti ya huzuni. Chini, mahali pa sabuni, kukaandikwa jina la Marino na msalaba. Kisha mtangazaji, msichana mzuri, akainamisha kichwa: sasa tunamkumbuka kwa dakika moja ya kimya.

Kibanda kizima kikageuka kumtazama Igga. Pasi ilikuwa mkononi, mkaa unafuka. Na kwa kuwa ni kimya, kila mtu akanyamaza kweli, na mwenyewe akanyamaza, akainamisha kichwa. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akasema, "Ilikuwa ya Marino. Hakuwahi kupewa."

Aliyevunja kimya ni Konga, muuza chapati, mtu asiye na haya. "Marehemu," akasema, "samahani kukusumbua huko uliko. Suruali yangu itakuwa tayari lini?"

Jina likashika hapohapo. Marehemu nipunguzie hili, marehemu niongezee hapa. Watoto wakipita: shikamoo marehemu! Ketty ndiye aliyekasirika. Alikuja kibandani na mwiko mkononi. "Nani huyo anamwita mume wangu marehemu? Kama amekufa, huyu anayekula ugali wangu kila jioni ni nani? Nyinyi mnacheka, mimi iko na siku arobaini ya kupikia watu?"

Kwa ajili ya Ketty, Igga akaenda televisheni. Alivaa ile kofia yake ya misa. Nilimsindikiza, kwa kuwa njia ilikuwa nzuri na sikuwa na pa kwenda.

"Niko hai," akamwambia Saturnino.

"Naona, mzee. Mungu ni mwema."

"Basi sema hivyo kwenye televisheni. Sema yule si Marino. Ni Igga, fundi, aliigiza."

Saturnino akavua miwani, kama safari ile ya Kiden. "Mzee wangu, nisikilize. Nikikutoa wewe pale, tunabaki na nini? Tunabaki na arusi. Miaka thelathini na mitatu ya televisheni, halafu arusi ya mtu ambaye siku hizi hata hatakiwi kutajwa." Akashusha sauti. "Na tena binti yake alikuja hapa jana. Betty. Alileta maua. Alituinamia kama tumemfufua mtu. Wewe ukitaka, mwambie. Mimi siwezi."

Tukarudi kwa miguu.  Igga alipofika Nyakuron akaitia mashine mafuta, ingawa haikuhitaji.

Hakumwambia. Kabla hajaamua, Betty alikuja mwenyewe.

Alikuja asubuhi na kitambaa cha kijivu ndani ya mfuko wa plastiki, na simu. Alikuwa amechumbiwa, na alitaka bwana arusi avae koti kama la baba. Akaiweka simu juu ya mashine, akaiwasha, Igga wa mikwaruzo akawa anasoma habari mbele ya Igga wa kawaida.

"Kama hili, mzee. Wanasema wewe ndiye ulilishona."

"Ni mimi."

"Watu wanasema pia unafanana naye."

"Watu husema." Igga alikuwa anatafuta chaki, na chaki ilikuwa sikioni mwake. "Nilipomshonea nilijipima mimi mwenyewe. Tulikuwa na kipimo kimoja."

"Simama nikuone."

Nilidhani hapo ndipo. Igga akasimama. Betty akamzunguka taratibu, kama mteja anavyozunguka nguo iliyotundikwa. Akatazama mabega, akatazama kichwa, pale mbele. Igga aliangalia ukutani kwenye kalenda. Mimi nikaangalia vidole vyangu.

"Akicheka alikuwa anafunga macho," Betty akasema. "Mama ameniambia. Wewe ukicheka unafunga macho?"

"Sijui, mwanangu. Nikicheka sijioni."

Betty akacheka kwanza yeye. Igga naye akacheka, na macho yakabaki wazi kabisa, makubwa, yenye hofu. Betty akaacha kucheka. Akakunja simu ndani ya kitenge.

"Utamaliza lini?" akauliza.

"Ijumaa."

"Bwana arusi ni mnene kuliko wewe."

"Atapungua," akasema Igga.

Siku ya arusi koti lilimbana bwana arusi mpaka akakata keki kwa mkono wa kushoto. Lakini Betty alimwambia kila mtu kwamba ni koti la baba, na kanisani lilipendeza kwa nyuma.

Nilikutana na Kiden baada ya hapo, kwenye barabara ya Nimule, magari ya mizigo yanatutia vumbi sisi na mboga. Nikamwambia nadhani mtoto anajua. Akaendelea kufunga mafungu ya mchicha. "Mzee," akasema, "hilo ni la mtoto. La kwangu ni jingine. Nimeitazama ile picha mno. Siku hizi Marino akinijia ndotoni, anakuja na kichwa cha Igga. Namwambia, mbona umekuja hivyo? Anasoma habari tu." Akatikisa mchicha kuondoa vumbi. "Na mimi wamenirekodia juu, kama ile kanda yao."

Mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimekolea, Igga akashikwa na kifua. Hakuugua sana. Alikuwa ameacha koti la mtu kwenye mashine, mkono mmoja umeshonwa. Akafa nyumbani kwake, Ketty yupo.

Na hapa sasa ndipo watu wa televisheni walipokuwa na shida ya kweli. Jirani alikwenda kuomba tangazo la msiba. Akaambiwa Saturnino amesikitika sana, lakini atalitangaza vipi? Mtu huyo walishamnyamazia dakika moja. Mji utauliza maswali. Akatuma sukari na pole.

Nasi nyumbani tulikuwa na shida yetu. Kwetu jeneza likiwekwa uani, picha ya mtu inasimamishwa juu yake, watu wamwone kwa mara ya mwisho alipokuwa anapumua. Ketty akatafuta. Mwanaume aliyevalisha Nyakuron nzima hakuwa na picha. Ya kitambulisho ilikuwa imeliwa na jasho, kimebaki kidevu. Binti zake wakasema iko moja, nzuri, na koti na tai. Wakaitoa kwenye simu ya mtu, wakaikuza dukani, wakaitia kwenye fremu. Ikasimama juu ya jeneza: ya kijivu, na mikwaruzo yake kama mvua, na bendera pembeni. Konga muuza chapati aliitazama, akavua kofia.

Kiden na Betty walifika watu wakiwa wameshajaa. Niliwaona wanaingia, nikatamani kuinuka nikasimame mbele ya fremu, lakini goti langu lina mawazo yake. Kiden aliona kwanza, akaweka mkono mdomoni. Betty alitembea mpaka kwenye jeneza. Akasimama. Aliitazama ile picha ambayo kila mtu wa Gumbo alishaonyeshwa kwenye simu yake, na chini yake kuliandikwa kwa rangi nyeupe, safari hii bila kukosea: IGGA SWAKA.

Ua mzima ukangoja. Ketty alikuwa ameacha kulia ili aone.

Betty hakumgeukia mama yake. Alivua viatu, akaenda kwenye mkeka wa mabinti wa marehemu, pale wanapokaa wa damu tu. Wakasogea, akakaa katikati yao, akalia kile kilio chetu cha mtu aliyefiwa na baba, kile ambacho hakifundishwi, na sauti yake ikapita za wote. Wakalia naye mpaka wakati wa kuzika.

Nimemuuliza Ketty, akasema, "Sogea, mzee, unazuia watu wa mabakuli." Nimemuuliza Kiden, akanifungia mchicha wa bure na kuniambia njia ina matope, niwahi kuvuka daraja. Hata Betty mwenyewe nilimuuliza, siku alipokuja kuichukua ile mashine ya miguu, ambayo Ketty alimpa bila kuombwa. Alikuwa anaifunga kamba juu ya bodaboda, akacheka, akafunga macho, akamwambia mwenye bodaboda twende. Kwa hiyo bado natembea na swali langu, na kila nikipita Nyakuron naliuliza tena: siku ile kwenye mkeka, Betty alikuwa anamlilia nani?